Ettore Bugatti, patroni wa Molsheim: maisha yake na magari ambayo mafundi bado wanayazaa upya

Vijana wengi wa Goma, Bukavu ao Bunia wanajua jina Bugatti kupitia nyimbo na simu: gari ya bei kali sana, inayonunuliwa na wachezaji wa mpira na matajiri wakubwa wa dunia. Wachache ndio wanajua kwamba Bugatti alikuwa mtu. Alikuwa fundi, mtoto wa fundi. Hakuwa na diploma ya uinjinia. Alizaliwa Italia, akafungua kiwanda katika Ujerumani, kisha kile kiwanda kikajikuta katika Ufaransa bila kusogea hata mita moja, sababu mpaka ndio ulihama. Alifiwa na mdogo wake, alifiwa na mwanawe mkubwa, alinyang'anywa kiwanda na Wajerumani, kisha akanyimwa na Wafaransa pia. Alikufa mwaka 1947.

Lakini gari yake moja, ile inayoitwa Type 35, haikufa. Miaka 100 na zaidi kisha kutoka kwake, kuna mafundi ambao wanaitengeneza tena kuanzia sifuri, piese kwa piese, bulo kwa bulo, sawa na vile ilivyotoka mikononi mwa Bugatti mwaka 1924. Ili kuelewa sababu gani watu wazima wanajipa kazi hiyo, inafaa kwanza kumjua yule mzee mwenyewe.

Mtoto wa nyumba ya wasanii

Ettore Bugatti alizaliwa Milano, tarehe 15 mwezi wa tisa 1881. Baba yake, Carlo, alitengeneza viti, meza na kabati ambazo zilionyeshwa mpaka inchi za mbali: mbao zilizopambwa kwa shaba, kwa mifupa na kwa ngozi. Mdogo wake aliitwa Rembrandt, jina la mchoraji mkubwa wa Uholanzi, na kweli huyo mdogo alikuja kuwa msanii wa kuchonga wanyama. Ettore naye alipelekwa katika shule ya sanaa. Hakukaa sana. Akiwa kijana wa miaka 17 hivi aliingia kujifunza kazi kwa Prinetti na Stucchi, kampuni ya Milano iliyotengeneza baiskeli na vigari vya magurudumu matatu. Akafunga moteri kwenye vile vigari, akaanza kushindana navyo barabarani.

Mwaka 1901 alionyesha gari yake mwenyewe katika maonyesho ya Milano, akapata tuzo. Mwaka uliofuata kampuni ya De Dietrich, iliyokuwa na kiwanda katika Alsace, ilimwita aje kuwachorea magari. Kulikuwa shida moja tu: hakuwa bado ametimiza umri wa kutia sahihi kwenye mkataba. Baba yake ndiye alitia sahihi kwa niaba yake.

Kutoka De Dietrich alipita kwa Mathis katika mji wa Strasbourg, kisha mwaka 1907 akaajiriwa na Deutz, kampuni kubwa ya moteri katika mji wa Köln. Mchana alifanya kazi ya patroni wake. Usiku, chini ya nyumba yake, alikuwa akitengeneza ka gari kadogo ka kwake. Kila mtu ambaye amewahi kufanya kazi ya mwingine huku akiwa na wazo lake kichwani anaelewa hiyo habari. Ile gari ilikuwa nyepesi, injini yake haikufika hata lita moja na robo, na ndiyo ilimpa moyo wa kuacha mshahara. Mwishoni mwa 1909 alikodi kiwanda cha zamani cha kupaka nguo rangi katika mji mdogo wa Molsheim, akaanza.

Molsheim iko Alsace, na wakati ule Alsace ilikuwa mikononi mwa Ujerumani tangu vita vya 1870 na 1871. Bugatti alikuwa Muitalia, anaongea Kifaransa, anafanya kazi katika ardhi ya Mjerumani. Wakaaji wa mipakani wanajua mambo hayo yanaweza kuishia wapi.

Udogo dhidi ya ukubwa

Katika miaka ile wazo la wengi lilikuwa hivi: ukitaka mbio, tia injini kubwa zaidi. Bugatti alikataa. Yeye aliona kwamba gari nyepesi, iliyofanywa vizuri, inaweza kupita lile dude lenye nguvu lakini zito. Mwaka 1911, katika mashindano ya Le Mans, fundi wake Ernest Friderich alimaliza wa pili na gari ambayo injini yake haikufika lita moja na nusu. Aliyemtangulia alikuwa na Fiat ya lita 10. Watu walioona ile Fiat ikifuatwa na kitu kidogo namna ile walicheka kwanza, kisha wakanyamaza.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Bugatti alikimbia Alsace. Alikuwa na magari mawili ya mashindano yaliyokwisha, akayachukua mpaka Milano. Piese za magari mengine matatu zilizikwa chini ya udongo karibu na kiwanda. Wakati wa vita alichora injini za ndege kwa ajili ya Ufaransa na marafiki zake, moja ikaenda kutengenezwa mpaka Marekani. Lakini ule ndio wakati Rembrandt, mdogo wake, alijiua katika mji wa Paris, mwezi wa kwanza 1916, akiwa na miaka 31. Miaka mingi baadaye Ettore aliweka tembo aliyechongwa na Rembrandt juu ya radiateri ya gari yake kubwa kupita zote.

Vita vilipokwisha, Alsace ilirudi kwa Ufaransa. Bugatti alirudi Molsheim, zile piese zikafukuliwa, magari yakafungwa. Mwaka 1920 Friderich alishinda Le Mans katika mashindano ya magari madogo. Mwaka 1921, Brescia, Italia, magari ya Bugatti yalichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Jina likatoka.

Gari ya mwaka 1924

Sasa tufike kwenye ile Type 35. Ilionekana mara ya kwanza Lyon, tarehe 3 mwezi wa nane 1924, katika mashindano makubwa ya Ufaransa. Bugatti alileta magari matano. Wale waliokuwa pale walishangaa: mengine yote yalionekana sawa na mashine za kazi, lakini hii ilikuwa nzuri kutazama, nyembamba, mbele na radiateri ya umbo la kiatu cha farasi, nyuma imechongoka. Halafu pine zikaanza kupasuka. Zilikuwa za namna mpya, na hazikustahimili. Gari iliyofanya vizuri zaidi kati ya tano ilimaliza ya saba. Ni mwanzo mbaya kwa gari ambayo leo watu wengi wanaihesabu kuwa mojawapo ya magari bora ya mashindano yaliyowahi kutengenezwa.

Ndani yake kulikuwa silinda nane katika mstari mmoja, jumla karibu lita mbili, na kila silinda ilikuwa na vali tatu: mbili za kuingiza, moja ya kutoa moshi. Nguvu yake ilikuwa karibu farasi 90. Leo hiyo ni nguvu ya gari ndogo ya familia. Lakini gari nzima ilikuwa na uzito wa kilo 750 hivi, na iliweza kufika karibu kilomita 190 kwa saa, dereva akiwa ameketi nje kichwa kwenye upepo, bila mkanda, bila kofia ya chuma.

Magurudumu yake ndiyo watu wanakumbuka zaidi. Wengine walitumia magurudumu ya nyaya, sawa ya baiskeli. Bugatti alimimina gurudumu zima kwa aluminiumu, likiwa na mikono nane bapa, na ngoma ya freni ikiwa sehemu ya gurudumu lenyewe. Faida yake ni hii: ukitoa gurudumu kubadilisha pine, freni inabaki wazi mbele yako, unaitazama na kuitengeneza palepale. Ekseli ya mbele nayo ilikuwa na uwazi ndani ili iwe nyepesi, na spring za chuma zilipita katikati yake kwenye matundu ya pembe nne. Kufua chuma namna hiyo ni kazi ngumu mpaka leo.

Jambo lingine muhimu: gari hii haikuwa ya timu ya kiwanda peke yake. Mtu mwenye pesa aliweza kwenda Molsheim, akanunua, akaondoka nayo barabarani mpaka kwenye mashindano, akashindana, akarudi nayo nyumbani. Ndiyo sababu Bugatti zilijaa kila mahali. Katika Targa Florio, yale mashindano ya milima ya Sicilia yenye barabara mbaya, Bugatti ilishinda miaka mitano mfululizo, tangu 1925 mpaka 1929. Mwaka 1926 ilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji. Mwaka 1929 mashindano ya kwanza ya Monaco yalishindwa na William Grover-Williams ndani ya Bugatti. Mama mmoja wa Tchecoslovakia, Elisabeth Junek, alimaliza wa tano katika Targa Florio ya 1928, mbele ya wanaume wengi wenye majina. Mwezi wa saba wa mwaka uleule mume wake alikufa akiendesha Bugatti, na yeye akaacha mashindano moja kwa moja.

Patroni kichwa ngumu

Molsheim aliishi sawa na mfalme mdogo. Wafanyakazi walimwita Patroni. Alivaa kofia ya duara, alipanda farasi, na kulikuwa hoteli ya kulaza wateja waliokuja kuchukua magari. Magari yake aliyaita kwa jina la Kifaransa la farasi wa damu safi. Kiwanda kilifanya mpaka bulo zake zenyewe, zenye kichwa cha pembe nne, kwa kuwa hakutaka za dukani. Nyuso za chuma ndani ya gari zilikwanguliwa kwa mkono mpaka zikatoa alama za kung'aa.

Lakini kichwa chake kilikuwa kigumu pia, na hilo lilimgharimu. Aliona kompresa, ile mashine inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, kuwa kama udanganyifu, mpaka wapinzani walipoanza kumuacha nyuma, akakubali mwaka 1926. Freni za nyaya alizishikilia mpaka karibu vita vya pili, wakati wengine walikuwa wamekwisha kupita kwenye freni za mafuta.

Na mwaka 1929 kulitokea jambo ambalo wapenzi wa Bugatti hawapendi sana kulitaja. Dereva Mmarekani Leon Duray alikuja Ulaya na magari mawili ya mashindano yaliyotengenezwa na Harry Miller. Mwishoni hakuwa na haja ya kuyarudisha kwao. Bugatti akayachukua, akampa Duray magari matatu ya Type 43. Yale ya Miller yakafunguliwa Molsheim, yakasomwa vizuri. Mwaka 1931 ikatoka Type 51, gari iliyofanana na 35 kwa macho, lakini juu ya injini kulikuwa kamu mbili badala ya moja, namna ileile ya Miller. Kumbe hata Patroni alijua kunakili. Wale wanaolaumu mafundi wa leo kwa kunakili magari yake wangeanzia hapo.

Miaka hiyo ndiyo alitengeneza pia ile gari kubwa ajabu, Royale, yenye injini ya karibu lita 13. Aliitaka iwe gari ya wafalme. Uchumi wa dunia ulianguka mwaka 1929, na hakuna mfalme aliyenunua. Zilitengenezwa sita tu, tatu zikapata wateja. Injini zilizobaki zilimletea hasara kubwa, mpaka alipozitia kwenye magari ya reli. Zile treni ndogo za Bugatti zilikimbia katika Ufaransa kuanzia 1933, na ndizo ziliokoa kiwanda.

Miaka ya giza

Mwaka 1936 Ufaransa nzima iliingia kwenye mgomo. Wafanyakazi wa Molsheim nao waligoma, wakakalia kiwanda. Kwa wao ilikuwa haki ya kuomba maisha bora. Kwa Ettore, aliyejiona baba yao, ilikuwa usaliti. Alikasirika, akahamia Paris, akamwachia kazi mwanawe Jean.

Jean alikuwa na miaka 27. Ndiye alichora karoseri nzuri kupita zote za nyumba ile, zile za Type 57. Chini ya uongozi wake Bugatti ilishinda Le Mans mwaka 1937, tena mwaka 1939. Majuma machache kisha ushindi huo wa pili, tarehe 11 mwezi wa nane 1939, Jean alichukua gari ileile iliyoshinda kwenda kuijaribu barabarani usiku karibu na Molsheim. Mtu wa baiskeli alitokea njiani. Jean alimkwepa, akagonga mti, akafa palepale. Alikuwa na miaka 30.

Majuma matatu baadaye vita vya pili vya dunia vikaanza. Mwaka 1940 Wajerumani walichukua Alsace na kumlazimisha Ettore auze kiwanda kwa bei ya kutupa. Wawili kati ya madereva wake wakubwa, Grover-Williams na Robert Benoist, waliingia katika kazi ya siri ya kupinga Wajerumani. Wote wawili walikamatwa na kuuawa. Mwaka 1944 Barbara, mke wa Ettore, alifariki.

Vita vikaisha, Bugatti akategemea kurudishiwa mali yake. Serikali ya Ufaransa ikasema hapana: kiwanda kiliuzwa kwa Mjerumani, kwa hiyo ni mali ya adui, na mwenyewe ni Muitalia. Aliomba uraia wa Ufaransa, akaupata mwaka 1946. Aliendelea na kesi. Mwaka 1947 mahakama ilimrudishia haki yake, lakini alikuwa tayari mgonjwa mahututi. Alifariki karibu na Paris tarehe 21 mwezi wa nane 1947, akazikwa Dorlisheim, pembeni ya Molsheim, pamoja na watu wa familia yake.

Kiwanda kilijaribu mara moja tena mashindano makubwa, mwaka 1956, gari haikumaliza. Mwaka 1963 kikauzwa. Bugatti mpya, zile za kwenye nyimbo, zilizaliwa chini ya kampuni ya Ujerumani Volkswagen, ambayo ilinunua jina mwaka 1998 na kurudisha kazi Molsheim.

Kuzaa tena gari

Magari ya zamani yalibaki. Lakini machache, na bei yake ikapanda mpaka mtu wa kawaida hawezi hata kuiota. Mwenye Type 35 ya kweli anaogopa kuikimbiza, sababu akiigonga ameharibu nyumba kadhaa kwa mara moja. Hapo ndipo lilizaliwa wazo la kuitengeneza upya.

Karakana inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo iko mbali na Ufaransa: katika mji wa Paraná, Argentina. Inaitwa Pur Sang, jina lile la farasi wa damu safi. Argentina ilikuwa na wapenzi wengi wa mashindano, na Bugatti kadhaa zilifika kule zamani. Kuzitengeneza kulihitaji piese, piese hazikupatikana tena, basi wakaanza kuzifanya wenyewe. Kidogo kidogo wakajikuta wanaweza kufanya gari nzima.

Kazi inaanza na michoro na vipimo. Bahati nzuri michoro mingi ya Molsheim haikupotea; Uingereza kuna taasisi ya Bugatti huko Prescott inayotunza maelfu ya michoro ya kiwanda. Lakini mchoro hautoshi, kwa kuwa mara nyingi mafundi wa zamani walibadilisha kitu mezani bila kurudi kwenye karatasi. Ni lazima kufungua gari ya kweli na kupima.

Kisha anakuja seremala. Ndiyo, seremala. Gurudumu lile la aluminiumu, sanduku la gia, sehemu ya chini ya injini, vyote vinachongwa kwanza kwa mbao. Ule mfano wa mbao unakandamizwa ndani ya mchanga, unatolewa, na aluminiumu iliyoyeyuka, moto wa digrii zaidi ya 660, inamiminwa kwenye nafasi iliyobaki. Lakini aluminiumu ikipoa inarudi ndani: zaidi ya milimita 10 kwa kila mita. Basi seremala anachonga mfano mkubwa kidogo kuliko piese anayoitaka, akihesabu tangu mwanzo ni kiasi gani itapungua. Akikosea, piese inarudi kwenye moto. Wale wanaomimina sufuria kutoka aluminiumu ya takataka katika vitongoji vya miji wanajua mchezo huo, ijapokuwa sufuria inasamehe makosa zaidi kuliko injini.

Vilbrekini, ule mtaimbo uliopinda ambao pistoni zinauzungusha, ndio unatoa jasho. Katika gari nyingi ni kipande kimoja. Bugatti aliufanya wa vipande vingi vinavyofungwa pamoja, ili biele ziwe nzima na zizunguke juu ya rulma. Ukikosa unene wa unywele mahali pamoja, mtaimbo wote unazunguka vibaya na injini inajivunja. Kufanya wa kipande kimoja kungekuwa rahisi, na wako wenye magari ya kweli ambao wamefanya hivyo ili walale usingizi. Lakini anayetaka gari iliyo sawa kabisa na ile ya 1924 hana njia ya mkato. Lazima akubali mpaka udhaifu wake: freni za nyaya, mafuta yanayodondoka, mguu wa gia unaokataa. Hiyo ndiyo maana ya uaminifu katika kazi hii, na inashangaza kidogo kuona mtu anatumia miezi mingi kutengeneza kwa makusudi kitu ambacho fundi mwanafunzi wa leo angekirekebisha kwa siku moja.

Karoseri inapigwa kwa nyundo juu ya mfuko wa mchanga mpaka bati linapinda. Shasi inakunjwa ikiwa nyembamba pembeni na pana katikati. Bulo zenye kichwa cha pembe nne zinafanywa upya, na kwenye nyingi inapitishwa waya wa kuzizuia zisifunguke. Alama zile za kukwangua, fundi anazifanya kwa mkono.

Kazi nyingine ya namna hiyo ilifanywa Canada, katika jimbo la Ontario. Mwaka 1935 Jean Bugatti alionyesha Paris gari iliyoitwa Aérolithe, kisha ile gari ikapotea. Hakuna anayejua mwisho wake. Kilichobaki ni picha chache. Wale mafundi wa Canada walichukua shasi ya zamani ya Type 57 na kujenga karoseri juu yake kwa kusoma picha tu: kupima urefu wa mlango kwa kulinganisha na gurudumu ambalo kipimo chake kinajulikana, na kuendelea hivyo sehemu kwa sehemu. Walitumia magnesiumu, sawa na inavyosemwa ya ile ya kwanza. Magnesiumu ni nyepesi kuliko aluminiumu, lakini ukijaribu kuisude inaweza kushika moto usiozimwa na maji. Ndiyo sababu vipande vya Aérolithe vimefungwa kwa riveti, mstari mzima juu ya mgongo wa gari. Wengi wanaoona ule mstari wanadhani ni mapambo.

Ya kweli ni ipi?

Hapo ndipo ugomvi uko, na si ugomvi mdogo kwa wenye pesa zao ndani. Gari ya mashindano ya 1924 iliyogongwa mara tatu, ikabadilishwa injini, ikabadilishwa shasi mwaka 1930, ikavalishwa karoseri mpya 1970, bado inaitwa ya kweli kwa kuwa ina namba yake na karatasi zake. Ile ya Paraná, ambayo kila kipande kimefanywa kwa mchoro wa Molsheim, inaitwa kopi. Ukiziweka pamoja, ya pili inaweza kufanana zaidi na gari ambayo Ettore Bugatti alileta Lyon. Lakini ya kwanza ndiyo iliyokuwa pale.

Hatari inaanza mtu akichukua gari mpya na kuipachika namba ya zamani. Kufanya upya si kosa. Kuuza mpya kwa jina la zamani ni wizi, na katika soko la magari haya wizi huo umetokea. Wenye heshima wanasema wazi tangu mwanzo ni nini wametengeneza na mwaka gani.

Jumba la Mulhouse, Alsace, limefanya hivyo. Humo ndimo yamo magari ya ndugu wawili Schlumpf, matajiri wa viwanda vya nguo walionunua Bugatti kwa mamia kwa siri mpaka biashara yao ikaanguka na wafanyakazi wakakalia jumba mwaka 1977. Kati ya magari yale kuna Royale moja ya pekee. Mwaka 1932 mfanyabiashara wa nguo, Armand Esders, alinunua Royale ya wazi, nzuri sana, lakini baadaye karoseri yake ikatolewa na kubadilishwa, umbo lake la kwanza likapotea kabisa. Jumba lilichukua piese za akiba zilizobaki Molsheim, likaijenga upya kwa kufuata picha, na linaitangaza kuwa ni kazi mpya. Mbele haina taa. Esders hakuwa anaendesha usiku, akaagiza isiwekewe, na wale walioijenga tena nao hawakuweka.